Sivii za Watu Wasiotoka Nyumbani

Nyinyi mliobaki dukani mmeniomba niandike machache kuhusu kazi yetu. Mara ya kwanza nilikataa, maana nilishuku kwamba mnanitafutia shughuli ya kunikalisha nyumbani ili nisije kila asubuhi kukagua mnavyofanya. Bado nashuku. Nimeandika hata hivyo, kwa sababu kuna mambo ya kazi hii ambayo kompyuta haitawaambia, na mojawapo mimi mwenyewe nilijifunza mwishoni kabisa, wakati nilipodhani nimeshaona kila aina ya uongo unaoweza kuingia kwenye karatasi moja.

Niliingia kwa Bwana Gulam nikiwa msichana, duka lilipokuwa kwenye kichochoro nyuma ya Biashara Street, hapa Mombasa, limebanwa kati ya muuza leso na fundi cherehani. Mbele tuliuza madaftari na kalamu, nyuma tulikuwa na taipureta na karatasi za kaboni zilizotuchafua vidole mpaka siku ya Ijumaa. Siku yangu ya kwanza Bwana Gulam hakunipa mashine. Alinipa kiti kando ya meza yake akaniambia nitazame tu.

Akaja kijana aliyetaka kazi ya ukarani Shimanzi, kwenye maghala ya bandari. Alikuwa ameandika maelezo yake kwa mkono, na kati ya maelezo hayo ni kwamba anajua Kifaransa. Bwana Gulam akamsomea karatasi yote kwa sauti, taratibu, huku akimwangalia usoni kwa juu ya miwani. Alipofika kwenye Kifaransa, kijana akatazama feni.

"Hii iwe ndani au nje?" Bwana Gulam akamuuliza, kwa upole kabisa.

"Iwe nje, Bwana Gulam."

Alipoondoka, mzee aliniambia kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kwamba kupiga chapa atanifundisha baadaye. Tangu siku hiyo sijawahi kuandika sivii, yaani maelezo ya mtu anayeomba kazi, bila kumsomea mwenyewe na kumtazama uso. Wateja wengine walichukia. Mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi. Nilimwambia polisi angemhurumia.

Taipureta ziliondoka, zikaja kompyuta, na uongo ukawa mwepesi zaidi kwa sababu sasa unaweza kunakiliwa. Nilianza kukutana na sentensi zilezile kwenye kila karatasi. "Naweza kufanya kazi bila kusimamiwa sana," ameandika mtu ambaye nimesimama nyuma yake tangu asubuhi mpaka amalize kujaza jina la shule yake. "Napenda kusafiri," ameandika mwingine ambaye hajavuka Makupa kutoka hapa kisiwani ila kwa mazishi. Nilizifuta zote. Mtu akilalamika, nilimwambia anipe mfano mmoja wa siku aliyofanya kazi bila kusimamiwa, nami nitauandika huo mfano. Wengi walikwenda kuutafuta hawakurudi.

Kisha zikaja hizi kazi za nyumbani, za mtandaoni. Hapo ndipo nilipoanza kuwashuku watu wa pande zote mbili, anayeomba na anayeajiri, kwa sababu hakuna anayemwona mwenziwe. Sisi tumezoea kujaza kwenye sivii dini, ndoa, nambari ya kitambulisho, jina la baba na mtaa unaokaa. Kwa ofisi ya hapa mjini pengine si neno. Lakini kumtumia mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, nambari ya kitambulisho chako kabla hajakupa hata salamu, ni sawa na kuacha mlango wazi ukaenda sokoni. Ninyi naomba mviondoe vitu hivyo bila hata kumuuliza mteja.

Mtu anayetafuta kazi ya kufanya nyumbani aandike anajua kufanya nini, anatumia chombo gani, umeme ukipotea anafanyaje, na saa zipi anapatikana. Halafu aambatishe kipande cha kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Kipande hicho kina uzito kuliko ukurasa mzima wa sifa, kwa sababu mwajiri wa mbali ni mwoga kama mimi. Yeye pia anataka kukutazama uso, na hana namna.

Sasa nije kwa Twalib.

Alikuja dukani jioni moja, kijana nadhifu, kanzu imenyooka, akanisalimu kwa adabu zote za Mji wa Kale mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Kakake, Athmani, alikuwa amefariki karibuni. Athmani nilimfahamu kwa kumwona: msimamizi wa yadi ya makontena Shimanzi, mtu wa sauti kubwa na kicheko. Alimwacha mke, Rukia, na binti mmoja, Nasra.

"Shemeji yuko edani, Bi Saumu," Twalib aliniambia. "Hawezi kutoka kuja hapa. Yuwataka kazi ya mtandaoni, aifanye palepale nyumbani. Kazi ya kusikiza sauti za watu na kuziandika."

"Na asipoipata?"

"Eda ikisha itabidi arudi kwa kakake Malindi, na Nasra aache shule hapa. Nyumbani kwetu tumejaa, nami sina kazi ya kudumu."

Akanipa karatasi. Ilisema Rukia ana shahada ya mawasiliano na kwamba amefanya kazi miaka mingi na kampuni ya ng'ambo, ambayo haikutajwa. Simu iliyoandikwa ilikuwa ya Twalib. Barua pepe ilikuwa ya Twalib. Nilimsomea mstari kwa mstari, lakini nikaona najisumbua. Uso niliokuwa nikiutazama haukuwa wa mwenye karatasi.

Lazima niwaeleze nilichokuwa nikiwaza. Kuna mchezo umeingia mjini. Mtu anaomba kazi ya mtandaoni kwa jina lake, akikubaliwa anamkodisha mtu mwingine ile akaunti. Huyo mwingine ndiye anayefanya kazi, na siku akiharibu, jina linalochafuka ni la yule wa kwanza. Nami hapa naletewa jina la mwanamke mjane, aliye ndani, asiyeweza kuja kuulizwa, na kila njia ya kumfikia inapitia kwa shemeji. Ningekuwa mimi ndiye mwizi, ningemtafuta mtu kama huyo huyo.

"Mwambie nitakuja mwenyewe," nilisema.

"Hakuna haja ya kusumbuka, Bi Saumu. Maswali yote nipe mimi, n'tampelekea."

"Haja ipo. Na sijampa pole."

Akanielekeza nyumba, maana nani atamzuia mwanamke kwenda kumpa pole mwenziwe?

Nyumba yao ilikuwa Kibokoni, ghorofani. Rukia alinipokea akiwa na nguo nyeupe isiyo na mapambo, mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo. Tulisomeana dua, tukaulizana hali. Twalib alikaa nje ya mlango, kwenye ngazi, jambo ambalo pia sikulipenda. Nilitoa ile karatasi nikaanza kuisoma. Kwenye shahada, Rukia alitazama mlangoni.

"Haya ulikuwa wayajua?" nikamuuliza.

"Nayasikia leo."

"Basi wewe umefanya kazi gani?"

"Sijafanya kazi, Bi Saumu. N'mekaa nyumbani tu."

Nilikuwa karibu kuaga. Lakini juu ya kabati, chini ya kitambaa cha kudarizi, palikuwa na kompyuta ya kupakata, na mimi nina tabia mbaya ya kufunua vitu vya watu. Herufi zake nyingi zilikuwa zimefutika kwa kuguswa. Kando yake palikuwa na vile visikizio vya kuvaa masikioni, waya wake umefungwa kwa uzi wa cherehani. Mtu aliyekaa nyumbani tu hafuti herufi za kompyuta.

"Hii ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Marehemu alikuwa yadini kutwa. Alikuwa akiandika hapa wakati gani?"

Nikatoa simu yangu, nikatafuta ujumbe wa sauti ambao dadangu alinitumia akiwa Makupa, katikati ya malori na makanga wanaoita abiria, ujumbe ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa nusu yake. Nikamwambia auandike. Alivaa visikizio vyake, akausikiliza mara moja bila kugusa kitu, kisha akaanza. Vidole vyake havikuhitaji herufi. Alipomaliza nilisoma, nikajua hatimaye kwamba dadangu alikuwa akinilaumu kwa kutokwenda arusini. Mahali ambapo honi ilifunika neno, Rukia hakubuni chochote. Aliweka alama na kuandika kwamba hapo hapasikiki.

"Nani alikufundisha kutobahatisha?"

"Nambari za makontena," alisema. "Ukibahatisha moja, mzigo wa mtu wapotea."

Kisha akanieleza, kwa sauti ya chini mno. Athmani aliacha shule mapema. Kazi ya yadi aliijua kuliko wote, lakini kuandika kulimtesa, na ofisi ilitaka ripoti kwa maandishi kila siku. Basi alikuwa akitembea kati ya makontena akisema kila kitu kwenye simu, anamtumia Rukia zile sauti, na Rukia anaziandika nyumbani, anazipanga, anazituma ofisini kwa barua pepe ya mumewe. Wamefanya hivyo tangu Nasra yuko mgongoni. Wanafamilia wachache walijua.

"Sasa nikisema n'likuwa mimi," akasema, "n'takuwa n'memvua nguo mume wangu naye yuko kaburini. Afadhali nisipate kazi."

Mlangoni nikasikia mtu anakohoa. Ni Twalib.

"Ndiyo sababu nikaweka ile shahada," alisema bila kuingia. "Niliona afadhali tumsifu shemeji kwa uongo kuliko kumwaibisha kaka kwa kweli. Na simu niliweka yangu kwa sababu si vizuri wanaume wasiojulikana wampigie mtu yuko edani."

Nilimwamini nusu. Ile nusu nyingine niliiweka kando, maana nilikuwa na kazi ya kufanya.

Tuliandika sivii palepale, Rukia na mimi, na ilikuwa nusu ukurasa. Shahada ikatoka. Kampuni ya ng'ambo ikatoka. Simu ikawa ya Rukia, na barua pepe tukamfungulia yake mwenyewe, Twalib akitazama kutoka mlangoni. Tukaandika kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akiandika, kutoka nyumbani, ripoti za sauti za yadi ya makontena yenye kelele nyingi, kwamba anaielewa lafudhi ya Mvita na ya watu wa bara, na kwamba mahali pasiposikika hasemi panasikika. Ripoti za nani, hatukutaja. Tukaambatisha ujumbe wa dadangu kama alivyouandika, nikiwa nimeyatoa majina na yale matusi mawili. Nilimsomea yote Rukia nikimwangalia. Uso wake haukuyumba popote.

Tukaituma kwa mwajiri, na jibu likaja. Wamependa ile kazi. Wanataka jambo moja tu: mtu mmoja, asiye wa familia, wa kumdhamini, aliyeziona ripoti zake na anayeweza kuandikiwa au kupigiwa simu.

Mtu huyo duniani alikuwa mmoja, naye ni Bwana Kazungu, mkubwa wa Athmani pale yadini. Rukia aliposikia alifunga kompyuta.

"Basi iachwe. N'taenda Malindi."

Nasra alikuwa ndani ananyoosha sare yake ya shule, na pasi ikasimama. Niliona mamake ameisikia ikisimama. Nikamwomba Rukia ruhusa niende Shimanzi nikamchunguze tu huyo bwana, bila kumwambia lolote. Alitazama upande wa Nasra.

"Nenda," alisema mwishowe. "Lakini kama hajui, asijue kwako."

Shimanzi sijawahi kuipenda. Vumbi lake linaingia mpaka kwenye meno, na dereva wa lori anakutazama kama wewe ndiye uliyekosea njia. Bwana Kazungu nilimkuta kwenye ofisi yake ya mabati, mtu mnene, mtulivu, mwenye heshima. Nikamwambia ninatoka duka la kuandika sivii na kwamba kuna mtu ametaja yadi hii.

"Unamjua Rukia Said?"

"Rukia Said." Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hapa hajawahi kufanya kazi mtu wa jina hilo. Simjui kabisa."

Nawaambia ukweli, moyo wangu ulikuwa mweusi. Nilifikiri: Saumu, umezeeka. Umeonyeshwa sauti ndogo na uzi wa cherehani kwenye waya, ukaamini kisa kizima. Pengine herufi zile alizifuta mtu mwingine. Pengine Twalib na shemejie ni kitu kimoja, na mimi ndiye niliyewapangia sivii nzuri ya kumwibia mtu. Nilisimama kuondoka. Nikiwa mlangoni, kwa ukaidi tu, nikauliza:

"Ripoti za marehemu Athmani zilikuwaje?"

"Zile za Mama Nasra?"

Nikarudi kukaa.

Bwana Kazungu akacheka, kisha akakumbuka kwamba anazungumza juu ya marehemu, akaacha. "Athmani alikuwa akisimama papo hapo ulipo, mkono mmoja kikombe cha kahawa, mkono mwingine kiunoni, na ripoti yake yaingia kwenye kompyuta yangu. Mimi ni mjinga? Na wala hakuwa akificha. Alikuwa akijisifu mpaka tukachoka naye. Dereva akibisha kuhusu nambari, Athmani amwambia, ngoja Mama Nasra aiandike ndipo utajua nani ana haki. Na kweli, hakuwahi kukosea."

"Na mimi nilipokutajia Rukia?"

"Ndiye huyo?" Alishangaa kwelikweli. "Jina lake sijapata kulisikia, mama. Athmani angewezaje kumtaja mkewe kwa jina mbele ya makuli?"

Hapo nataka msimame kidogo, nyinyi mnaokalia kiti changu. Mjini kwetu mwanamume mwenye adabu hatupi jina la mkewe kati ya wanaume. Yule ni mama wa fulani, basi. Sote twalijua hilo, na mimi nimelelewa nalo, na bado nilikuwa tayari kuandika kwenye sivii kwamba Bwana Kazungu amdhamini Rukia Said. Mwajiri angepiga simu kutoka huko aliko, aulize kuhusu Rukia Said, naye Bwana Kazungu, mtu mkweli, angejibu kwamba hamjui. Mambo yangeishia hapo, na kila mtu angedhani mwenziwe ni mwongo. Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mdhamini, muulizeni mteja: huyu anakujua kwa jina gani? Kisha nendeni mkamuulize na mdhamini, kwa sababu mteja naye huenda hajui.

Bwana Kazungu aliandika jina la Rukia kwenye kadi, akalisoma mara mbili ili asilisahau, akasema apigiwe wakati wowote.

Nilirudi Kibokoni siku hiyo hiyo, nikamweleza Rukia yote, Twalib akiwa amesimama mlangoni. Sikupunguza wala sikuongeza. Nilipofika kwenye yale ya dereva kubishana na Mama Nasra kushinda, alijifunika uso kwa leso akalia. Mpaka siku hiyo sikuwa nimemwona akilia.

"Mbona hakuniambia mimi?" alisema. "Miaka yote hii naandika n'mefunga dirisha, mtu asije akaniona. Yeye awaambia makuli, mimi haniambii?"

Twalib alitazama sakafu. Yeye pia alikuwa hajui, na hapo ndipo nilipomwamini ile nusu iliyobaki. Alikuwa amedanganya kwa ajili ya aibu ambayo kakake hakuwahi kuiona. Mimi nilihisi uchungu kwa wote wawili, na hasira kidogo kwa marehemu, Mungu amrehemu, kwa kuwa na mdomo mkubwa kila mahali isipokuwa nyumbani kwake.

Mwajiri alipiga, Bwana Kazungu akajibu. Rukia alipewa kazi ya majaribio, kisha akapewa kazi. Kaka wa Malindi akaambiwa asihangaike kupanga chumba. Anafanya kazi mpaka leo, na dirisha analifungua.

Eda ilipokwisha, watu wa nyumbani kwake walitarajia kwamba ataanza kwa kwenda kwa jamaa kuwashukuru, kama ilivyo desturi. Yeye alinipitia mimi akaniomba nimpeleke Shimanzi. Tulikwenda asubuhi, yeye ndani ya buibui jipya, anaruka madimbwi ya mafuta. Bwana Kazungu alitupa viti. Rukia akamwambia, kwa ile sauti yake ndogo, kwamba hana shida yoyote, amekuja tu asikie mumewe alikuwa akisema nini.

Bwana Kazungu akasimulia yale aliyoniambia mimi. Kisha akaendelea. Akasema Athmani alikuwa akimsomesha kila karani mpya ripoti moja ya Mama Nasra kabla hajampa kalamu. Akasema siku moja mtu alitaka kumpandisha cheo, Athmani akajibu wampandishe kwanza mkewe. Akasema mengine mengi. Haya hakunitajia siku ile ya kwanza, na yalikuja kwa wepesi uliozidi, kila moja tamu kuliko lililotangulia. Kwa kadiri ninavyowajua watu, alikuwa akiyatunga palepale.

Rukia alikuwa ameinama mbele, mikono juu ya magoti, hataki neno lolote limpite. Lile swali la Bwana Gulam, iwe ndani au nje, lilinifika mdomoni. Nikalimeza, nikamwacha Bwana Kazungu aendelee.